Kaburi Lililokataa Kudidimia

Nilikwisha kuachwa mara mbili kwa ajili ya mdomo wangu, na mara zote mbili nilisema kosa ni la mume. Wa kwanza alidai kwamba mimi nikinyamaza basi naumwa. Wa pili hakudai kitu; alikunja mkeka wake akarudi Kolo, nami nikabaki mlangoni nikimsema mpaka akapotea machoni. Basi Wadachi walipoifikisha reli Dodoma, nikateremka kutoka Kondoa, nikaweka mafiga yangu karibu na kambi ya wavunja mawe, upande wa magharibi, nikauza uji wa uwele uliotiwa ubuyu. Uji niliuza, maneno niligawa bure. Na msinidanganye, watu walifuata maneno.

Nayasema haya mapema ili mjue anayewasimulia ni nani. Lakini ninayetaka kumsimulia ni Mwanahawa, mke wa Halfani, kwa sababu nasikia siku hizi mnamtaja kama yule mwendawazimu aliyefukua kaburi la mumewe. Hakuwa mwendawazimu. Mtu akisema hivyo mbele yangu namtukana, kisha nikirudi ndani najitukana mwenyewe.

Mwanahawa alikuwa binti wa Kondoa kama mimi, mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi. Tulikaa tembe moja, ukuta kwa ukuta, na yeye ndiye aliyenisagia uwele. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Nilikuwa namtania kwamba Mungu alipogawa midomo mimi nilipitisha mikono miwili nikachukua na wa kwake. Alicheka akiwa ameinama juu ya jiwe la kusagia. Mumewe Halfani alivunja mawe ya reli. Adhuhuri Mwanahawa alimpelekea chakula, na yule bwana alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha sisi wanawake: hali mpaka mkewe amekaa naye, ametia tonge la kwanza. Wenzake walimwita bwana harusi, na alikuwa na miaka sita ya ndoa.

Siku chache kabla ya mvua za kwanza, ukingo wa mlima walikokuwa wakikata mawe uliporomoka. Wanaume wanne wakafa, Halfani mmoja wao. Msimamizi, Mzungu wa hasira, akaweka askari njiani watu wasisogee, akasema maiti zizikwe leo, kesho kazi iendelee. Wenzao wakawachimbia palepale juu ya kilima kidogo kando ya reli. Alasiri askari walipotuachia njia, sisi wanawake tulikuta matuta manne ya udongo na watu wanakung'uta majembe. Mwanahawa hakuuona uso wa mumewe. Aliuliza, "Ni lipi?" Wakamwonesha la mwisho upande wa mashariki.

Akaingia eda. Nyie mnajua, mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ila kwa dharura, analia kilio chake mpaka kimwishe. Hana mama wala dada huku, basi mimi nikawa mama na dada. Nilimletea maji, nilimletea uji. Mtu aliye edani huletewa hivyo viwili na neno la subira, basi. Mimi nilimletea na soga za njiani, kwa kuwa sikujua kuingia mahali mikono mitupu na mdomo mtupu.

Mvua zikaja, tena mwaka ule zilikuja kwa nguvu. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba kaburi jipya likinyeshewa hudidimia. Ndipo watu hurudi na majembe kuongeza udongo, na kule kuongeza ni heshima, kama kumvutia shuka mtu aliyelala likamteleza. Pale kilimani palikuwa na kaburi lingine la zamani kidogo, la mpagazi wa Kinyamwezi aliyekufa kwa homa, na lilikuwa limebonyea kama bakuli. Asubuhi moja, mvua zina karibu miezi miwili, napita na mtungi wangu, nikatazama yale manne. Yamesimama vilevile. Hayakushuka hata kwa unene wa kidole.

Ningepita nikaenda zangu. Nilikwenda mpaka kwenye mafiga, nikawasubiri wateja wajae, nikasema, "Makaburi yale hayana watu."

Nilisema kama mtu anavyorusha punje kwa kuku, nione watakavyogeuka. Wakageuka. Mmoja akasema, ndiyo maana hatukuoneshwa maiti. Mwingine akasema, na ile haraka yote ya nini? Bartolomayo, mpagazi wa zamani aliyebatizwa misheni na ambaye tangu hapo aliona kila alisemalo ni Injili, akakumbuka kwamba jioni ile ya msiba aliona behewa limefunikwa turubai likielekea pwani, na chini ya turubai kuna kitu kinahema. Kabla uji haujaisha tulikuwa tumeshajua kila kitu. Wale wanne hawakufa. Mdachi amewachukua wenye nguvu, amewavusha bahari kwenda kumjengea reli nyingine, akazika udongo ili wake zao wasiulize. Wengine walisema mumiani. Hilo mimi nililikataa, nikasema ni upuuzi, nikajiona mwenye akili kuliko wote.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo niliitaja siku ile mara tano au sita.

Kesho yake Bartolomayo akaleta chuma kirefu kutoka kambini, tukapanda kilimani watu kama ishirini. Kule kwetu mtu akifika makaburini huvua viatu, hutoa salamu kwa waliolala, haruki kaburi, haliwekei hata mtungi. Mimi nililipanda lile la mashariki kwa miguu yangu miwili. Wanaume walikuwa wanasitasita, nikawanyang'anya chuma, nikakisimika nikakisukuma kwa uzito wangu wote. Kikapita udongo kiasi cha mkono mmoja, kikagonga. Nikasogeza, nikasukuma tena, kikagonga. Mawe matupu.

"Wamezika mawe," nikasema. Na nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwa kuwa nimepatia.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Mwanahawa, vumbi la kaburi bado liko miguuni. Nikamweleza yote, kaburi lisilodidimia, chuma, mawe, behewa la Bartolomayo.  Akavuta kibuyu cha uji niliomletea asubuhi, uliokwisha kupoa na kuganda juu, akaunywa wote. Miezi miwili ile alikuwa akinywa nusu.

Siku zilizofuata kilima kile kiligeuka gulio. Watu walitoka Hombolo, walitoka Chamwino, kuja kutazama makaburi ya mawe. Walikaa juu yake wakala mihogo, walilaza masikio kwenye udongo, waligonga kwa fimbo na kucheka. Mjane wa mmoja wa wale wengine watatu, mama wa Kigogo, alikuja na kibuyu cha pombe kumtambikia mumewe. Wakamzuia, wakamuuliza anammwagia nani wakati mumewe yuko ng'ambo anakula mkate. Alikaa chini ya kilima na kibuyu chake mpaka wakachoka kumuuliza, naye akaondoka nacho kimejaa. Niliyaona hayo. Uji wangu siku hizo ulikwisha kabla ya jua kupanda.

Siku ya nne alikuja Matonya. Huyu alikuwa kijana wa watu wa Hombolo, mvunja mawe, rafiki wa Halfani. Alisubiri wateja wote waondoke, akanisalimu, "Mbukwa," nikamjibu. Akachuchumaa karibu na moto.

"Dada Kuluthumu," akasema, "yale mawe tuliyatia sisi."

Nikamwambia aseme vizuri.

Akasema vizuri. Mwezi mmoja kabla ya msiba kuna mwenzao alizikwa porini, na fisi wakamtoa. Basi walipomzika Halfani na wenzake, hawana mbao, hawana muda, walimlaza kila mmoja kwa kina, wakamfunika udongo kidogo, kisha wakabeba kokoto za reli, zile walizovunja wenyewe kwa mikono yao, wakajaza kaburi karibu hadi juu ili fisi asipate pa kuanzia. Mwisho udongo tena. Mawe hayadidimii. Na kokoto zile zilikuwa mali ya reli.

"Msimamizi akijua ni viboko hamsa ishirini kwa kila mmoja," akasema. "Juzi ameanza kuuliza watu wanafuata nini kule kilimani. Mimi nilimshika Halfani kichwa, dada. Nilimfunga taya kwa kitambaa changu. Yumo. Mwambie mkewe, yeye peke yake, halafu wewe unyamazishe watu. Wewe wanakusikiliza."

Nikamwambia nitasema. Akanywa uji, akaondoka.

Sasa niulizeni kwa nini sikusema. Mimi mwenyewe nimejiuliza mpaka nimechoka na majibu yangu. Nilijiambia, nikisema, vijana wa watu watapigwa viboko. Uongo, maana Matonya aliniomba nimwambie mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe ndiye asiyezungumza kuliko wote niliowahi kuwaona. Nilijiambia Mwanahawa ameanza kula, ameanza hata kuimba kidogo ukutani nikimsikia, mimi ni nani nimnyang'anye? Hilo lina ukweli kidogo, na ndilo nililolishika. Lakini la chini kabisa ni hili: niliona aibu. Mji mzima ulikuwa unasema, Kuluthumu ndiye aliyegundua. Ningesimama vipi kwenye mafiga yangu niseme nilipanda juu ya maiti ya Halfani nikamchoma kwa chuma?

Nikasema, kesho. Kesho ikawa kesho.

Alhamisi moja asubuhi Mwanahawa aliniita. Alikuwa amefunga kibwebwe, na jembe langu liko mkononi mwake.

"Dada," akasema, "mimi niko edani. Nikitoka na mume wangu amekufa, nimemvunjia heshima. Nikikaa na mume wangu yu hai, namkalia eda mtu anayenisubiri. Niapie. Yale ni mawe?"

Hapo Mungu alinifungulia mlango kabisa. Ningesema neno moja tu. Lakini ulimi wangu ulikuwa umezoea kupata njia, ukaipata. Nikasema, "Wallahi, chuma kile kiligonga mawe."

Kweli tupu. Sijawahi kula yamini iliyo kweli kama ile, na ndiyo itakayonipeleka motoni.

Akatoka. Watu wakamfuata, na mimi nikafuata, sikujua miguu inanipelekea nini. Alipiga magoti kwenye kaburi la mashariki, akaondoa udongo wa juu kwa jembe, kisha akaanza kutoa kokoto kwa mikono. Watu walihesabu kwa sauti, wakachoka. Alitoa mpaka shimo likamfika kiunoni, na bado ni kokoto. Vidole vilikuwa vinatoka damu. Chini kule reli, Matonya alikuwa ameshika nyundo, ameacha kugonga, ananitazama mimi. Hakumtazama Mwanahawa hata kidogo. Nikageuza uso, nikajifanya nafunga kanga yangu.

Laiti angeendelea kwa kina cha mkono mmoja zaidi. Lakini alisimama, akatazama lile rundo la mawe pembeni, akasema, "Mtu hafunikwi kwa mawe mengi hivi. Hayumo." Akacheka kicheko chake kile cha kuinama. Wanawake wakapiga vigelegele. Adhuhuri ileile akapanda gari la moshi kwenda pwani kumtafuta mumewe, na mimi ndiye niliyempikia masurufu ya njiani nikamfungia kitambaani. Nilimwambia, nenda salama.

Kaburi likabaki wazi. Hakuna aliyekumbuka kulifukia. Kaburi tupu linafukiwa la nini? Na mimi niliyekumbuka nilisema, kesho.

Kesho asubuhi niliwahi na jembe, jua bado halijachomoza vizuri. Sitawaeleza yote niliyoyaona. Fisi walikuwa wamepata pa kuanzia. Kitambaa cha Matonya, kile cha kufungia taya, kilikuwa njiani, mbali na shimo, na vingine vilikuwa mbali zaidi. Nilikaa chini.  Matonya alinikuta hapo akija kazini. Hakunikemea, na heri angenikemea. Tulikusanya tulichokipata katika kanga yangu, tukakirudisha, yeye akajaza kokoto zote upya mbele ya macho ya askari, na jioni yake akapigwa hamsa ishirini uwanjani, kwa wizi wa mawe. Alihesabu mwenyewe kwa sauti kama alivyolazimishwa. Nilisikia mpaka mwisho. Alipoulizwa nani mwingine alijua, alisema hakuna.

Watu waliacha kwenda kilimani. Hawakuona haya, msidhani. Waliacha kwa kuwa pameanza kusemwa neno jingine huko kwenye kisima, nao wakalihamia.

Mwanahawa alirudi wakati wa mavuno ya uwele. Alikuwa amekonda, kanga imekuwa rangi ya vumbi. Alikaa karibu na mafiga yangu, akaniamkia shikamoo kama kawaida yake, akaanza kunieleza bila mimi kumuuliza. Nilishangaa alivyokuwa na maneno mengi. Alikuwa amepita kila kambi toka Morogoro mpaka pwani akimtaja Halfani, sura yake, kovu la mkono. Bandarini walimcheka. Mtu mmoja alimwambia kuna reli nyingine upande wa Tanga, akaenda Tanga kwa miguu. Huko nako hayupo.

"Dada," akasema, "wewe ndiye uliyeona mwanzo. Nitafute wapi sasa?"

Nikamwambia. Sikupanga, yalitoka yenyewe, yote, tangu kokoto za Matonya mpaka kanga yangu na tulichokibeba. Hakulia. Alipoona nimemaliza aliuliza jambo moja tu: "Siku niliyochimba, ulikuwa umeshajua?"

Nikasema, "Nilijua."

Akanyanyuka akaenda kwa mwalimu Hasani, aliyekuwa akisomesha Kurani kule mjini, nami nikamfuata nyuma mbali kidogo kama mbwa aliyepigwa. Alisimama mlangoni akasema mumewe amekufa, amepata habari leo, anataka kuanza eda upya, aikae yote.

Mwalimu alimuuliza alikufa lini. Akamtajia. Yule mzee akahesabu miezi kwa vidole, akahesabu tena, akasema kwa upole, "Binti yangu, eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku mke alipojua. Yako imekwisha, zamani. Huna eda ya kukaa."

"Hata siku moja?"

"Hata moja. Wewe sasa ni mwanamke huru."

Alisimama pale. Nimewaona wafiwa wengi, nimewaona wakijitupa chini na wakipasua nguo, na sijawahi kumwona mtu aliyenyimwa kulia. Miezi ile minne na siku kumi aliyopewa na Mungu kwa ajili ya Halfani, nusu yake alikuwa ameitumia akiuliza makambini, akichekwa, akitembea juani, akifurahi. Ilikwisha akiwa hajui. Mimi ndiye niliyemlia siku hizo.

Wanawake wa Kondoa waliokuwa mjini walisema haifai aachwe hivihivi, basi atolewe edani kama ada, aoshwe, afukizwe udi, avikwe nguo mpya. Wakaja pale tembeni kesho yake, watu watano au sita. Alikaa kwenye mkeka amenyooka, macho makavu, wanamzunguka wanamfanyia yote anayofanyiwa mwanamke aliyemaliza kilio chake. Mimi nilichota maji ya kumwogeshea, nikayapasha moto, nikayatia majani ya mrehani, nikayabeba mpaka mlangoni.

Alinisikia. Hakugeuka.

"Dada," akasema, "maji weka hapohapo. Usiingie."

Nikayaweka.